Korido Isiyo na Mwenyewe: Funzo la Pruitt-Igoe

Je, umbo la mji laweza kumzuia mhalifu? Swali hili limewashughulisha wasanifu majengo kwa zaidi ya nusu karne, na historia ya mtaa mmoja wa Marekani yatupa jibu lenye pande mbili.

Mtaa huo, Pruitt-Igoe, ulijengwa na mamlaka ya nyumba za umma katika mji wa St. Louis, jimbo la Missouri. Wapangaji wa kwanza waliingia mwaka 1954. Ulikuwa na majengo 33 ya ghorofa 11 kila moja, yaliyosanifiwa na Minoru Yamasaki. Ili kubana matumizi, lifti zilisimama katika ghorofa ya 1, ya 4, ya 7 na ya 10 tu. Wakazi wengine walimalizia safari kwa ngazi. Korido ndefu zilikusudiwa kuwa mahali pa watoto kucheza na majirani kuzungumza. Badala yake, korido na ngazi hizo zikawa mavizio ya waporaji. Ubomoaji ulianza mwaka 1972, na kufikia mwaka 1976 hapakusalia jengo hata moja.

Oscar Newman, aliyekuwa akifundisha usanifu majengo mjini humo, aliushuhudia uharibifu huo. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1972 alitoa hoja iliyo nyepesi kueleweka. Ng'ambo ya barabara palikuwa na mtaa wa Carr Square Village, wenye nyumba fupi na wakazi wa hali kama ile ile, lakini wenye utulivu. Hata ndani ya Pruitt-Igoe, ukumbi uliotumiwa na familia mbili ulikuwa safi na salama, ilhali ule wa familia 20 ulichakaa. Watu wawili hufahamiana, hivyo humtambua mgeni na kumuuliza shida yake. Palipo pa kila mtu, hakuna anayethubutu kuuliza.

Jane Jacobs alikwisha kuandika mwaka 1961 kwamba amani ya barabara hulindwa kwanza na macho ya wakazi na wenye maduka, kisha na polisi. Wajenzi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wangemwelewa bila shida: vibaraza vya mawe mbele ya nyumba zao huwakalisha watu njiani, na apitaye huonekana.

Hata hivyo, tusiutwike usanifu lawama yote. Matengenezo ya Pruitt-Igoe yalitegemea kodi za wapangaji maskini, huku wakazi wa St. Louis wakipungua kutoka zaidi ya 850,000 mwaka 1950 hadi takribani 622,000 mwaka 1970. Nyumba zilibaki tupu, fedha zikakauka, lifti zikaharibika. Mwaka 1969 wapangaji wa nyumba za umma mjini humo waligoma kulipa kodi, wakidai nafuu na sauti katika uendeshaji. Walielewa kwamba mlango mzuri usio na wa kuutengeneza hauzuii mwizi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ramani ya soko, stendi au nyumba mpya inapoletwa mbele ya wananchi, tusiulize urefu wa ukuta pekee. Tuulize: madirisha yatatazama wapi? Njia hii itakuwa chini ya macho ya nani? Na taa ikizimika, nani atawajibika kuiwasha?