Mwongozaji kutoka Lagos na hadithi ya ukoo wa Kendu Bay

Novemba 2008, magari ya televisheni yalijazana Nyang'oma Kogelo, Siaya. Wamarekani walikuwa wakipiga kura, na kila kituo kilimtaka Mama Sarah, nyanya wa kambo wa Barack Obama. Ni wachache waliokumbuka kuvuka Ghuba ya Winam hadi Kanyadhiang', karibu na Kendu Bay, katika Homa Bay ya leo. Huko ndiko Mzee Hussein Onyango alikoishi kabla ya kuihamishia familia yake Alego, eneo la Kogelo, na ndiko alikozaliwa mwanawe, Barack mkubwa, babake rais. Watu wa Karachuonyo, eneo la Kendu Bay, wana haki ya kununa.

Katika umati huo wa Kogelo alikuwepo mwanamke aliyekuja na shabaha tofauti: mwongozaji wa filamu Branwen Okpako. Kamera yake ilimfuata Auma, dadake Obama.

Okpako alizaliwa Lagos mwaka 1969, baba Mnigeria, mama kutoka Wales. Alisomea siasa Bristol, kisha mwaka 1992 akahamia Berlin na kujiunga na chuo cha filamu na televisheni. Auma naye alipitia chuo hicho. Alikuwa ameondoka Kenya mwaka 1980, akasoma Heidelberg, na baadaye akapata udaktari wa falsafa Bayreuth. Kwa hiyo huko Kogelo, Okpako alikuwa akimpiga picha mwenzake wa chuo, tena mhamiaji kama yeye. Ndiyo maana katika filamu iliyotokana na safari hiyo Auma anazungumza bila kujipanga kama mtu anayehojiwa na mgeni.

Kazi ya Okpako ilianzia kwenye kidonda cha Ujerumani yenyewe. Mwaka 2000 alitoa filamu ya hali halisi kuhusu Sam Meffire, polisi mweusi wa Saxony. Uso wa Meffire uliwahi kubandikwa kwenye mabango kuonyesha kwamba jimbo hilo halina ubaguzi. Baadaye alifungwa kwa wizi wa mabavu. Mwaka 2003 ikafuata hadithi ya kubuni ya afisa wa polisi, naye mweusi, anayerudi Dresden kuwatafuta wazazi wake. Ilitengenezwa kwa ushirikiano na kituo cha televisheni cha ZDF, katika kitengo chake kinachowapa waongozaji chipukizi nafasi tangu 1963. Bila kitengo cha aina hiyo, sidhani kama mhamiaji mweusi angepata fedha za kuwaonyesha Wajerumani sura yao. Vituo vyetu vinavyonunua tamthilia za nje kwa wingi vingejifunza hapo.

Filamu kuhusu Auma ilionyeshwa Toronto mwaka 2011. Rais wa Marekani hatawali simulizi ya filamu hiyo. Anayetawala ni binti Mkenya aliyekwenda ng'ambo akakataa kupangiwa maisha, na kizazi chake cha Waafrika waliosoma Ulaya. Babake alikuwa ametangulia njia hiyo mwaka 1959 alipokwenda Hawaii, zama ambazo Tom Mboya wa Rusinga alikuwa akiwatafutia vijana wa Kenya nafasi Marekani.

Okpako baadaye alihamia California, akafundisha sinema katika chuo kikuu cha Davis.

Mama Sarah alifariki Machi 2021, na sauti za kizazi chake zinazidi kupungua. Wakuu wa utamaduni wa Homa Bay na Migori, itafuteni filamu hii muwaonyeshe wanafunzi wenu, kisha wapeni kamera wakawahoji wazee wa Kanyadhiang', Rusinga na Macalder wangali hai.