Dakika Tatu za Santuri

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi nyimbo. Safari ile husimuliwa kama ushindi wa Kiswahili, nami sibishi. Ila katika miaka yote niliyofundisha ushairi chuoni, swali lililonikera lilikuwa jingine: mashine ile iliufanya nini utungo?

Tarehe yenyewe ina maana. Hadi kufikia 1925 mwimbaji aliimbia ndani ya pembe, na nguvu ya koo lake pekee ndiyo iliyochora mifereji ya sahani. Kisha kikaja kipaza sauti cha umeme, kikanasa hata pumzi na mguso wa ulimi kwenye ghaini. Siti aliingia Bombay zama hizo mpya. Lakini sahani ya inchi 10, ikizunguka mara 78 kwa dakika, ilibeba dakika tatu hivi kila upande. Ukumbini taarabu haipimwi kwa saa: ubeti hurudiwa, watuzaji huinuka, ala hujibu. Kwenye sahani utungo mrefu ama ulikatwa, ama uligawanywa pande mbili. Basi tunapoandika maneno ya sahani kana kwamba ndiyo shairi zima, huenda tunanukuu kipimo cha kiwanda. Kosa hilo nimelifanya mwenyewe, tena ubaoni, kwa chaki.

Kaseti ilitulegezea kamba. Siku moja tuliurudisha utepe nyuma hata redio ikapata moto, mpaka mwanachuo mmoja akanionesha kuwa mizani niliyoiita pungufu haikupungua: mwimbaji aliivuta irabu moja ikajaza nafasi ya mbili. Nilifuta alama nyekundu niliyokwisha kuiweka.

Halafu miaka ya 1990 kinanda cha umeme kikashika nafasi ya fidla na kanuni katika taarabu ya kisasa, enzi za ushindani wa Muungano na Tanzania One Theatre jijini Dar es Salaam. Wazee wenzangu hukilaumu kwa kuua ushairi. Mimi nalalamikia mdundo wake, usiomngoja mwimbaji avute pumzi. Hata hivyo, nyimbo za mipasho zilivuka dakika kumi, na mtunzi akarudishiwa beti alizonyimwa na santuri.

Siku hizi, ninaponakili wimbo daftarini, huandika pembeni nilikousikia: sahanini, kwenye kaseti, au ukumbini.