Kusafisha Picha: Historia Fupi ya Istilahi ya Chumba cha Giza

Wilhelm Conrad Röntgen alipogundua mionzi mipya mwezi Novemba, 1895, aliiita X kwa kuwa hakuijua asili yake. Wajerumani wakaipa jina lake mwenyewe. Waingereza wakabaki na X. Kiswahili kililipokea neno kwa njia ya Kiingereza, ndiyo maana leo twasema eksirei, japokuwa kamusi zinalo pia uyoka.

Ifakara yatupa mfano mzuri wa safari ya maneno hayo. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ilihudumiwa kwa miaka mingi na masista na madaktari kutoka Uswisi. Mwaka 1957 Rudolf Geigy alianzisha hapo maabara ya Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, na mwaka 1961 kikafunguliwa kituo cha kufundishia watumishi wa afya. Kijerumani na Kiingereza vilikutana na Kindamba, Kipogoro na Kimbunga. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha mganga na mgonjwa.

Kiswahili hicho hakikubuni maneno mapya. Kiliazima ya studio. Mgonjwa "hupigwa picha", kisha picha "husafishwa". Lakini kazi hizi mbili hazilingani. Mpiga picha wa studio husafisha filamu, kisha huihamishia sura kwenye karatasi. Hospitalini filamu yenyewe, yenye ukubwa wa sentimeta 35 kwa 43 kwa picha ya kifua, ndiyo inayotundikwa mbele ya taa. Haina lenzi, ni kivuli cha mwili. Mfupa huizuia mionzi ukabaki mweupe, na pafu lenye hewa huonekana jeusi.

Tena, "kusafisha" kumeficha hatua zilizo mbalimbali. Dawa ya kwanza huigeuza chumvi ya fedha iliyopigwa na mionzi iwe fedha nyeusi. Dawa ya pili huondoa chumvi iliyosalia, ili sura isiharibiwe na mwanga. Mwisho ni maji, yanayoondoa dawa. Kipimo cha kawaida cha dawa ya kwanza ni nyuzi 20 za Selisiasi kwa takribani dakika 5. Katika joto la bonde la Kilombero maji mara nyingi huzidi kiwango hicho, na muda hauna budi kupunguzwa. Mfasiri akiandika "safisha kwa dakika 5", mwanafunzi atajuaje ni katika beseni lipi? Filamu isiyooshwa vema hubadilika rangi baada ya miaka, na daktari anayetaka kulinganisha kifua cha leo na cha zamani hukosa ushahidi.

Kwa hiyo twapendekeza kuibua kwa hatua ya kwanza, kukaza kwa ya pili, na kuosha kwa ya tatu. Kusafisha kubaki jina la kazi nzima, kwa kuwa umma umekwisha kulizoea, nasi hatuna haki ya kuunyang'anya.

Huenda msomaji akasema kwamba kompyuta imekwisha kuchukua nafasi ya chumba cha giza katika hospitali nyingi. Ni kweli. Hata hivyo, filamu za zamani zingali majaladani, na ng'ambo wapo wapiga picha wanaoikata filamu ya eksirei waitumie katika kamera kubwa, kwa sababu ya urahisi wa bei yake. Chombo kikiondoka, maandishi yake hubaki, na mfasiri hudaiwa kuyaeleza.