Raba za Mbio: Nani Alikuambia Mguu Wako Una Kasoro?



Tangu wenzangu wa chumba cha habari wajue kwamba alfajiri huwa nakimbia, swali ni moja tu: "Kaka, ninunue raba gani?" Mara nyingi anayeuliza ameshapita dukani au ameshazunguka kwenye mtandao, na huko ameambiwa kwamba mguu wake una kasoro. Eti unyayo umelala. Eti anakanyagia ndani. Eti bila raba maalumu, ya bei mbaya, magoti yatakwisha kabla hajafika miaka 40. Basi kijana wa watu anakuja kwangu na hofu, na mshahara wenyewe ndio huu tunaoujua. Nimeona badala ya kumjibu mmoja mmoja, nichimbe hii habari ya kupima unyayo na kuupangia raba ilitoka wapi. Ina mwanzo wake, na mwanzo huo si wa zamani kama wengi wanavyodhani.

Nianze na mteja mmoja aliyejaribu raba, zikambana, akaziacha.

Abebe Bikila alikuwa askari wa kikosi cha ulinzi wa Mfalme Haile Selassie. Alikuwa kwenye timu ya Ethiopia ya Olimpiki ya Roma ya 1960. Huko Roma alijaribu raba, lakini hazikumkaa vizuri. Bikila na kocha wake, Onni Niskanen kutoka Sweden, wakafanya uamuzi ambao wauzaji wa viatu hawajausahau mpaka leo: atakimbia peku, kama alivyozoea kufanya mazoezini. Tarehe 10 Septemba 1960, usiku, kwenye mawe ya barabara za Roma, alimaliza kilomita 42 na ushee kwa saa 2 dakika 15 na sekunde 16. Hiyo ilikuwa kasi ambayo dunia haikuwa imeiona kwenye marathoni. Ndani ya kilomita ya mwisho alimwacha Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco, jirani na mnara wa Axum ambao Waitaliano walikuwa wameubeba kutoka Ethiopia mwaka 1937. (Mnara wenyewe ulirudi kwao 2005. Hiyo ni stori nyingine, siku nikipata nafasi nitaileta.)

Watu wengi wanaishia hapo, halafu wanatumia jina la Bikila kutuambia kwamba Mwafrika hahitaji viatu. Subiri kwanza. Mwaka uliofuata alikwenda Japani kukimbia marathoni ya Mainichi mjini Osaka. Kihachiro Onitsuka, mwenye kiwanda cha viatu cha mjini Kobe, akamfuata na kumshawishi ajaribu raba zake. Bikila akazivaa, akashinda. Mwaka 1964 kwenye Olimpiki ya Tokyo alivaa Puma na soksi nyeupe, wiki chache tu baada ya kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, na akaweka rekodi mpya ya saa 2:12:11. Kwa hiyo Bikila hakuwa na imani yoyote ya peku. Kiatu kikimkaa alivaa, kikimbana alikiacha. Ukitaka jibu fupi la swali la raba, unaweza kuishia aya hii na kuendelea na shughuli zako.

Jibu refu linaanzia Oregon, Marekani. Bill Bowerman, kocha wa riadha wa chuo kikuu cha huko, alitembelea New Zealand mwishoni mwa 1962 na kumkuta kocha Arthur Lydiard akiwakimbiza watu wa kawaida, wakiwemo wazee wenye vitambi, taratibu, kwa ajili ya afya. Bowerman alirudi nayo kwao, na miaka michache baadaye akashiriki kuandika kitabu kidogo kuhusu joging. Joging hiyohiyo ambayo leo vikundi vya vijana wa Dar vinapita nayo mtaani Jumamosi na Jumapili alfajiri huku vikiimba.

Mwaka 1964 Bowerman na mwanafunzi wake wa zamani, Phil Knight, walichanga dola 500 kila mmoja, wakaanza kuingiza Marekani raba za yuleyule Onitsuka wa Kobe. Kampuni yao baadaye ikaitwa Nike. Kampuni ya Onitsuka nayo tunaijua leo kwa jina la Asics. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Bowerman akaharibu chombo cha jikoni cha mkewe, kile cha kuokea chapati za vibonyezo wanazokula asubuhi, kwa kumimina mpira ndani yake apate soli yenye meno. Stori hiyo inapendwa sana. Mimi naona jambo zito zaidi lilikuwa lingine: wateja walibadilika. Frank Shorter alishinda marathoni ya Olimpiki ya Munich 1972, Wamarekani wakajaa barabarani, na wengi wao walikuwa watu wa ofisini ambao hawakuwa wamekimbia tangu shule. Na mtu wa namna hiyo akikimbia kilomita nyingi ghafla, anaumia.

Kuumia kwao ndiko kulikozaa soko jipya. Waganga wa miguu walianza kueleza kwamba tatizo ni jinsi unyayo unavyolalia ndani kila ukikanyaga. Unyayo wa kila mtu unalalia ndani kidogo, ndiyo namna mwili unavyopunguza kishindo. Ila wakasema wengine unalalia kupita kiasi, na hao ndio wanaoharibu magoti na misuli ya miguu. Dawa ikawa kuuzuia. Mwaka 1977 kampuni ya Brooks ilitoa raba iliyoitwa Vantage, yenye sponji iliyoinuliwa upande wa ndani ili kuusukuma unyayo urudi nje. Jarida la Runner's World, ambalo wakati huo lilikuwa likipanga raba kwa ubora, liliipa nafasi ya kwanza. Wengine wote wakafuata.

Ndipo ukazaliwa ule mpango wa madaraja matatu ambao bado upo kwenye maduka mengi. Unalowesha unyayo, unakanyaga karatasi, unaangalia alama. Alama nyembamba, yaani uvungu mkubwa, unapewa raba laini. Alama ya kati, unapewa raba ya kukutuliza kidogo. Alama pana kama chapati, unapewa raba ngumu ya kukudhibiti. Ukitembea kwenye mitumba utazitambua hizo za udhibiti kwa urahisi: geuza kiatu upande wa ndani, chini ya uvungu, kwenye nyingi utaona kipande cha sponji cha rangi ya kijivu. Kibonyeze kwa kidole, kiko kigumu kuliko sehemu nyingine. Kipande hicho ndicho kilichouza mamilioni ya raba.

Ni mpango unaoeleweka haraka, una kipimo, una picha, na una jibu la kila mteja. Kasoro yake ni moja: kwa zaidi ya miaka 30 karibu hakuna aliyekaa akaupima kama inavyotakiwa. Mwaka 2009 watafiti watatu, Richards, Magin na Callister, waliperuzi tafiti zote zilizochapishwa wakitafuta hata moja nzuri inayoonyesha kwamba kumpangia mkimbiaji raba kwa staili hiyo kunapunguza majeraha. Hawakuipata.

Na hapa ndipo penye utamu, maana waliokuja kuupima ni jeshi. Jeshi la Marekani kila mwaka linapokea maelfu ya vijana wapya, linawakimbiza, na wengi wanaumia. Lilikuwa likiwapangia raba kwa umbo la unyayo, hivyo lilitaka kujua kama fedha inakwenda mahali sahihi. Mtafiti Joseph Knapik na wenzake waliwagawa vijana wa jeshi la nchi kavu, la anga na la wanamaji katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa raba kulingana na unyayo. Kundi la pili wote walipewa raba ya aina moja, ya daraja la kati, uwe na unyayo bapa au uvungu kama wa daraja. Matokeo yalichapishwa 2009 na 2010. Katika majeshi yote matatu, tofauti ya kuumia kati ya makundi hayo ilikuwa ndogo mno, hakuna la kujivunia.

Wadenmark nao wakaja. Waliwachukua watu 927 wanaoanza kukimbia, wakawapa wote raba ya kawaida isiyo na udhibiti wowote, wakawafuatilia mwaka mzima. Kwa hesabu ya duka, wenye nyayo za kulalia ndani walipaswa kuumia zaidi. Hawakuumia zaidi. Utafiti huo ulitoka katika toleo la 2014 la jarida la Uingereza la tiba ya michezo.

Nisiegemee upande mmoja. Mwaka 2016 watafiti wa Luxembourg waliofuatilia wakimbiaji 372 kwa miezi sita waliona kwamba raba za udhibiti zilipunguza majeraha, na waliofaidika zaidi ni wale wenye nyayo za kulalia ndani. Kwa hiyo kama daktari wako amekuchunguza na amekushauri hivyo, usiitupe raba yako kwa sababu ya mwandishi wa blogu. Ninachokataa ni ile hukumu ya dakika mbili dukani, kwamba wewe ni mbovu na raba hii pekee ndiyo itakayokuokoa.

Kelele zilipozidi, wengine wakakimbilia upande wa pili kabisa. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Harvard alichapisha kwenye jarida la Nature utafiti uliofanyika kwa sehemu Bonde la Ufa, Kenya: waliokua bila viatu walielekea kutua kwa sehemu ya mbele ya unyayo, waliozoea raba wakatua kwa kisigino. Watu wakasikia wanachotaka kusikia. Raba nyembamba zenye vidole kama glavu zikauzwa kama njugu, mpaka kampuni ya Vibram iliposhtakiwa kwa kudai faida za kiafya bila ushahidi na kukubali mwaka 2014 kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi. Na utafiti uliochapishwa 2013 kuhusu Wadaasanach, wafugaji wa kaskazini mwa Kenya wanaotembea peku tangu utotoni, ulikuta kwamba wakikimbia kwa mwendo wao wa kawaida wengi wanatua kwa kisigino. Wakiongeza kasi ndipo baadhi wanabadili. Kwa hiyo anayekuambia kuna namna moja ya "Kiafrika" ya kukanyaga, muulize Mwafrika gani.

Sijasahau raba nene za siku hizi zenye bamba la kaboni ndani. Mnamkumbuka Eliud Kipchoge Vienna, Oktoba 2019, saa 1:59:40. Zinasaidia kasi, hilo limepimwa, kiasi kwamba Januari 2020 chama cha riadha cha dunia kiliweka kikomo cha unene wa milimita 40 kwa mbio za barabarani. Lakini zimetengenezwa kwa ajili ya siku ya mashindano na sponji yake inachoka mapema. Kama unakimbia kupunguza tumbo kutoka Mwenge mpaka Morocco, hiyo si raba yako.

Sasa mnunue ipi? Mtu ninayemwamini zaidi katika habari hii ni Benno Nigg wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada. Mwaka 2001 yeye na wenzake walichapisha utafiti wa wanajeshi walioachiwa wachague wenyewe, kati ya soli za ndani za aina sita, ile inayowafaa kwa raha tu. Walioweka soli waliyoipenda waliumia kidogo kuliko ambao hawakuwekewa kitu. Cha ajabu, wanajeshi hawakuchagua soli ya aina moja. Mwaka 2015 Nigg akaliweka wazi: mwili una njia yake ya kusogea, na kiatu kinachokupa raha huenda ndicho kinachouacha upite njia hiyo.

Kwa hiyo nenda jioni, miguu ikiwa imeshavimba kidogo kwa kutwa nzima. Vaa soksi zako za kukimbilia. Jaribu miguu yote miwili na uangalie ule mkubwa, maana kwa wengi haifanani. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Kisha mwombe muuzaji ukimbie pale nje, hata mita 50. Ukikuta anakuambia "itatanuka tu", mrudishie.

Kwenye mtumba ongeza mawili. Iweke raba mezani uitazame kwa nyuma: ikiwa imeinamia upande mmoja, imeshachukua umbo la mwenyewe wa kwanza. Halafu bonyeza sponji kwa kidole gumba. Ikiwa imejaa mikunjo na hairudi, hiyo imebaki ya kwendea kwenye harusi.