Mfuko wa mgeni na ajira za Pwani

MTU hafungi virago kwenda ng'ambo kwa kupenda tu. Sharti awe na akiba, nauli iwe ya kumudu na sarafu yake iwe na nguvu aendako. Hesabu hizo hufanywa majumbani London na Frankfurt, lakini matokeo yake huonekana Diani, Watamu na Malindi.

La kwanza ni pato. Safari ya mapumziko si chakula wala kodi ya nyumba; hali ikiwa ngumu, ndiyo hukatwa mwanzo. Baada ya msukosuko wa fedha uliotikisa ulimwengu mwaka 2008, idadi ya wasafiri wa kimataifa ilipungua kwa takriban asilimia 4 mwaka 2009.

La pili ni gharama ya usafiri, hasa mafuta na ushuru. Julai 2008, bei ya pipa la mafuta ghafi ilipita dola 140. Novemba 2009, Uingereza ilianza kutoza abiria wa ndege ushuru kwa kutegemea umbali. Aliyesafiri daraja la kawaida kwenda Misri alilipa pauni 45, na wa Kenya 50. Mwaka mmoja baadaye viwango vilipanda hadi 60 na 75. Hivyo, familia ya watu wanne iliyochagua Mombasa badala ya Misri ilitozwa pauni 60 zaidi. Mfumo huo ulirekebishwa mwaka 2015.

La tatu ni thamani ya sarafu. Mkenya aliyehitaji dola 1,000 za safari mapema mwaka 2020 alitoa takriban Sh101,000. Mwanzoni mwa 2024 alihitaji karibu Sh160,000, hata kama bei za Dubai hazikuongezeka. Shilingi ilipata nafuu baadaye mwaka huo.

Mwisho, kuna washindani. Jua na mchanga hupatikana pia Misri na Uturuki, hivyo bei ikipanda kidogo mgeni hugeuza njia. Nyumbu wavukao Mto Mara, wanaoonekana Kenya na Tanzania pekee, hawana mbadala rahisi.

Mhudumu wa hoteli, mvuvi na muuza mboga hawana usemi kuhusu bei ya mafuta wala nguvu ya pauni. Ndiyo maana mtalii wa humu nchini, alipaye kwa shilingi na asiyehitaji ndege kutoka Ulaya, hafai kukumbukwa tu wageni wanapoadimika.