Nafasi ya Baba katika Sheria za Kazi: Historia Fupi ya Likizo ya Uzazi kwa Baba Afrika Mashariki

Kati ya mwaka 2004 na 2007, mabunge ya Tanzania, Uganda na Kenya yalitunga sheria mpya za ajira. Kila sheria ilimpa baba aliyeajiriwa likizo yenye malipo mtoto wake anapozaliwa: Tanzania siku tatu, Uganda siku nne za kazi, Kenya wiki mbili. Mijadala ya sera hulinganisha zaidi idadi ya siku. Makala hii inadai kwamba mahali ilipowekwa likizo hiyo ndani ya sheria ni muhimu vilevile, kwa kuwa panaonesha mtungasheria alimwona baba kuwa nani.

Uchumi wa kikoloni ulimchukulia mfanyakazi kuwa mwanamume asiye na familia. Mashamba ya mkonge ya Tanga yalitegemea vibarua kutoka mbali, ambao wengi wao waliacha wake na watoto vijijini wakijilisha kwa jembe. Mwaka 1954, Kamati ya Carpenter nchini Kenya ilibainisha kwamba ujira wa Mwafrika ulikadiriwa kwa mahitaji ya mtu mmoja, ikapendekeza ujira unaotosha familia. Pendekezo hilo lilimtambua baba kuwa mlishaji. Suala la malezi halikuguswa.

Uhuru haukuubadilisha mtazamo huo mara moja. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 1976 ilimpa mama miezi miwili yenye malipo, kwa sharti la kupoteza likizo yake ya mwaka. Baba hakupewa kitu. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 31, inawapa wazazi wote haki na wajibu wa kuwatunza watoto wao. Hata hivyo, ibara ya 40, inayombana mwajiri, inamlinda mwanamke peke yake wakati wa ujauzito na baada ya kujifungua.

Sheria za 2004 hadi 2007 ziliandikwa juu ya msingi huo. Nchini Tanzania, siku tatu za baba zimo katika kifungu cha 34, pamoja na siku za kuuguza mtoto na za kufiwa na jamaa, na sharti zichukuliwe ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Mama hupewa siku 84. Kuzaliwa kwa mtoto, kwa upande wa baba, kumehesabiwa kuwa dharura ya kifamilia. Kifungu cha 57 cha sheria ya Uganda kinatoa likizo mara tu baada ya mke kujifungua au mimba kuharibika. Kwa kuitaja mimba iliyoharibika, kinakiri kwamba baba anahitajika kando ya mama hata pasipo mtoto. Kwa kutumia neno "mke", kinamwacha nje baba asiye na ndoa. Kenya peke yake ilimweka baba ndani ya kifungu cha 29, kinachohusu likizo ya mama, na ndiyo iliyotoa siku nyingi zaidi.

Rwanda inathibitisha kwamba siku zaweza kuongezeka bila mtazamo kubadilika. Mwaka 2023 likizo ya baba ilipanda kutoka siku nne hadi saba, lakini imebaki miongoni mwa likizo za matukio ya kifamilia kama vile harusi na msiba.

Tofauti hizi zina uzito wa kivitendo. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inaruhusu wafanyakazi kuvuka mipaka. Baba anayehamia Uganda kupitia Malaba huacha wiki mbili na kukuta siku nne. Aidha, likizo inayohesabiwa kuwa dharura huachwa mikononi mwa mwajiri mmoja mmoja, ilhali likizo inayohesabiwa kuwa malezi yaweza kugharimiwa na mfuko wa hifadhi ya jamii. Njia hiyo ya pili ndiyo pekee inayoweza kumfikia pia mkulima na mwendesha bodaboda, ambao hawana mwajiri wa kumwomba ruhusa. Kwa hiyo, marekebisho yajayo yaanze kwa kuihamishia likizo ya baba katika sehemu ya malezi, ndipo idadi ya siku ijadiliwe.