Desmodiamu: mmea wa kufunika ardhi chini ya kahawa na migomba

Wasikilizaji wetu wa Rhotia, Mbulumbulu na Oldeani hutuuliza mara kwa mara: chini ya miti, mahali ambapo mahindi hayazai vizuri, tupande nini ili udongo usiondoke? Jibu mojawapo ni desmodiamu.

Ni mmea gani?

Desmodiamu ni mmea wa jamii ya mikunde unaotambaa. Asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini. Ukishashika, hukaa miaka mingi bila kupandwa upya. Kila jani lina vijani vitatu, na maua yake ni ya rangi ya waridi au zambarau.

Zipo aina mbili zinazojulikana zaidi kwa wakulima wa Afrika Mashariki. Ya kwanza ina mchirizi mweupe kama fedha katikati ya jani. Ya pili ina jani la kijani lenye vidoadoa vya kahawia. Zote huvumilia kivuli cha wastani, kama kile cha migrevilea au migomba iliyopandwa kwa nafasi. Kwenye kivuli kizito sana hudhoofika.

Kwa nini tufunike ardhi?

Mashamba mengi ya Karatu yako kwenye miteremko inayoshuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro. Wengi hudhani shamba lenye miti liko salama. Sivyo, ikiwa ardhi chini yake iko wazi. Maji hukusanyika kwenye majani ya mti, yakadondoka kwa matone makubwa na kuutifua udongo. Kisha huubeba hadi korongoni, na korongo huzidi kupanuka kila masika. Wazee wa Kiiraqw kule Mama Issara, Mbulu, walilijua hilo zamani, ndiyo maana walilima kwa matuta na kurudisha samadi shambani.

Desmodiamu hufanya kazi tatu kwa pamoja. Hushika udongo, huzuia magugu, na huongeza naitrojeni kupitia vijidudu vinavyoishi kwenye vifundo vya mizizi yake. Ukitaka kujua kama vinafanya kazi, ng'oa mche mmoja na upasue kifundo. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, ni kizima.

Namna ya kupanda

Panda mvua zinapokuwa zimekolea, vuli au masika. Mbegu ni ndogo mno, hivyo changanya na mchanga mkavu, mwaga kwenye mfereji mwembamba unaokata mteremko, kisha funika kwa udongo kidogo tu. Unaweza pia kutumia vipande vya shina lililokomaa vyenye vifundo vitatu, viwili vikiingia ardhini.

Msimu wa kwanza ndio mgumu. Miche hukua polepole na magugu huishinda, kwa hiyo palilia angalau mara mbili. Wengi hukata tamaa hapa, wakasema mbegu ilikuwa mbovu.

Acha duara wazi kuzunguka kila shina la kahawa, kwa sababu desmodiamu hupanda juu ya miche michanga. Kiangazi kinapokaribia, ikate na kuyatandaza majani yake palepale, ili isigombanie maji na kahawa.

Chakula cha ng'ombe

Anayefuga ndani atapata faida ya ziada. Desmodiamu ina protini nyingi kuliko majani tembo. Changanya mafungu mawili au matatu ya majani tembo na fungu moja la desmodiamu. Unapokata, acha kisiki cha sentimita 10 hadi 15 ili ichipue tena. Ila usiikate yote kabla ya mvua, maana utarudi kwenye ardhi tupu ileile.

Mambo ya kuangalia

Desmodiamu inataka mvua ya kutosha. Inafaa maeneo ya juu ya Karatu kuliko ukanda mkavu wa Mang'ola.

Maganda yake hunata kwenye nguo na manyoya ya wanyama kama kishonanguo. Huu ni mmea wa kigeni, kwa hiyo wanaopakana na msitu wa Ngorongoro wasiupande mpakani wala kutupa mabaki yake huko. Ukate kabla maganda hayajakomaa.

Kwa mbegu au vipande vya kupandia, anzia kwa afisa ugani wa kata yako au ofisi ya mifugo ya wilaya. Pia muulize jirani mwenye ng'ombe wa maziwa, huenda anao tayari kwenye kingo za matuta yake. Anza na mistari miwili mitatu mahali ambapo maji hupita kwa nguvu. Ikishika hapo, vipande vya kupanda shamba zima utavipata kwako mwenyewe.